Manukato: maana yake kiishara na kiroho

Katika ibada, manukato ni harufu nzuri inayotenga. Huonyesha kwamba mtu, mahali au saa fulani imetolewa katika hali ya kawaida. Harufu haionekani wala haishikiki, lakini ikiingia chumbani kila mtu anajua ipo. Ndiyo maana imefaa kueleza uwepo wa Mungu, na katika Zaburi ya 141 sala inaombewa ipae kama uvumba.

Wamisri wa kale waliigawa siku kwa harufu. Plutarch, mwandishi Mgiriki, anasimulia kwamba walifukiza utomvu asubuhi, manemane adhuhuri, na jua likizama wakachoma kyphi, mchanganyiko wenye asali, divai, zabibu na manemane.

Kwangu mimi, hakuna mfano ulio wazi kuliko Kutoka sura ya 30. Musa anapewa vipimo kamili vya mafuta matakatifu ya kupaka: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane (tete lenye harufu nzuri) 250, kida (gome linalofanana na mdalasini) 500, pamoja na mafuta ya zeituni. Hema la ibada, madhabahu, vyombo, Haruni na wanawe, vyote vipakwe. Kisha linakuja katazo: atakayechanganya mafuta kama hayo kwa matumizi yake atakatiliwa mbali na watu wake. Tazama sasa Mithali sura ya 7, ambapo mwanamke mzinzi anajisifu kwamba ametia kitanda chake manemane, udi na mdalasini. Viungo viwili ni vilevile vya hemani! Utakatifu basi haukuwa ndani ya gome la mdalasini. Ulitokana na mchanganyiko ule na kazi uliyopewa.

Kwa hiyo hata kuyaacha manukato kuna maana, na hapa Uislamu unafundisha mengi. Kujitia manukato siku ya Ijumaa ni sunna. Mwanamume anayekwenda hija anaweza kujipaka mwilini kabla ya kuhirimia, yaani kuingia katika ihramu, hali takatifu ya hija, lakini akishanuia, hajipaki tena mpaka atoke katika ihramu. Pambo hilo la dunia analiweka kando, tajiri kwa maskini. Mjane naye huyaacha katika eda, miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue akiwa mjamzito. Hahitaji kumweleza yeyote kwamba yumo msibani na kwamba huu si wakati wa kuposwa.