Mume yuko Kongo, na wewe umechoka kusema "niko poa, Mungu ni mwema"

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo nawaandikia wake wa wanajeshi, na wale wanaume pia ambao wake zao ndo wamevaa kombati wakaondoka. Mimi ni mchungaji wa Kilutheri hapa Mwanza, kazi yangu kubwa ni ushauri wa familia, na tangu vijana wetu waanze kwenda Kongo na kile kikosi cha kuingilia kati cha Umoja wa Mataifa mwaka 2013 hawa kina mama wamekuwa wakija kwangu, wengine wamejificha kabisa ili shemeji zao wasijue. Wanaita ulinzi wa amani, sawa, lakini Desemba 7, 2017 kule Semuliki, Kivu Kaskazini, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa kwenye shambulio moja, kwahiyo kwa mke aliyebaki Igoma au Buswelu hapa Mwanza hiyo ni vita na mimi naiita vita.

Kitu cha kwanza karibu kila mmoja ananiambia ni Zaburi 91. Anaisoma asubuhi, anaisoma usiku, kamwandikia mumewe kwenye karatasi akaiweka mfukoni mwa kombati, maana imeandikwa elfu wataanguka ubavuni pako lakini wewe uharibifu hautakukaribia. Naipenda sana hiyo zaburi, msinielewe vibaya. Ila ukiigeuza hirizi, siku mwanamke mwenzako wa kanisa hilohilo akiletewa jeneza utamwambia nini? Kwamba hakusoma vizuri? Nimewaona wajane wanajiuliza hivyohivyo, walikosea wapi, siku gani waliruka maombi, na hayo ni mateso juu ya msiba. Fungua Mathayo 4 uone aliyemnukulia Yesu hiyo Zaburi 91 pale juu ya kinara cha hekalu ni nani. Ni Ibilisi, alimwambia jirushe malaika watakudaka, na Yesu akakataa kumjaribu Mungu. Sasa rudi kwenye zaburi yenyewe usome mstari wa 15, Mungu anasema "nitakuwa pamoja naye taabuni". Taabuni, yaani taabu ipo na Mungu yupo humo humo ndani. Hiyo ndo ahadi ya kuishika mumeo akiwa porini.

Na faraja yenyewe inaanzia wapi? Kwa uzoefu wangu inaanza siku mama anapoacha kumdanganya Mungu. Kanisani kwetu tumefundishana kwamba ukiwa na imani huogopi wala hulii, ukiulizwa vipi mama fulani unajibu Mungu ni mwema, halafu unaenda kulia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa watoto wasisikie. Biblia haikutaka hivyo. Zaburi 13 inauliza "hata lini" mara nne kwenye mistari miwili tu ya mwanzo. Zaburi 88 haina hata mwisho mzuri, inaishia gizani, na bado wazee wetu wa imani waliiacha kwenye kitabu cha sala. Zaburi 56 inamwomba Mungu ayatie machozi kwenye chupa yake, sasa wewe unayafuta ya nini haraka hivyo?

Kwahiyo ninachowafanyisha ni hivi, chukua Zaburi 13, isome kwa sauti ukiwa peke yako, ukifika pale kwenye "hata lini" simama uweke maneno yako. Hata lini simu itakuwa haipatikani, hata lini mtoto ataniuliza baba anarudi lini, hata lini nitalala na taa imewaka. Sema kwa Kiswahili au Kisukuma au Kihaya, sema hata kwa hasira, kisha ndo umalizie ile mistari ya mwisho ya kutumaini, na kama leo hiyo mistari haitoki mdomoni iache, kesho ipo. Wengi wananiambia usiku huo ndo walipata usingizi. Na kama usingizi hauji wiki na wiki, huli, unasahau watoto shule, nenda hospitali, Bugando wapo wataalamu wa afya ya akili, kwenda kule siyo kukosa imani.

Kuhusu simu naomba tuongee kidogo. Januari 2025 mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, wanajeshi wetu walikuwa kule na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi kwenye kikosi cha SADC, yaani jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wasap ilikuwa moto, picha za miili, vidio za zamani zinarushwa kama za jana, kuna mama alikuwa anazuum nguo za maiti aone kama ni za mumewe. Jamani tokeni kwenye hayo magrupu. Kubalianeni na mumeo kabla hajaondoka zaburi ya kila siku, na saa ya kusali, akiwa na netiweki sawa na akiwa hana sawa, wewe unajua saa tatu usiku na yeye anaisoma.

Wazee wetu hawakuwa na hata hiyo simu. Wapo mabibi kanisani waliongoja waume zao vita vya Kagera, 1978 mpaka 1979, habari zilikuwa redio tu na barua zinachelewa, na Mwanza yenyewe ndege ya Libya, waliokuwa wanamsaidia Idi Amin wa Uganda, ilikuja kuangusha mabomu yakapiga kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Nawakalisha hawa mabibi na mabinti wa sasa pamoja, na tunasoma 1 Samweli 30, pale Daudi anapoamua kwamba waliobaki kulinda vyombo wapate fungu sawa na walioshuka vitani. Mabinti wengi hawajawahi kuhubiriwa hiyo. Kubaki na watoto, ada na mama mkwe mgonjwa ni utumishi unaohesabiwa.

Wale manabii wanaouza mafuta ya ulinzi wa askari waogopeni, sina maneno mengi.

Ila kwa wazee wa kanisa ninayo. Mke wa askari maarufu kuliko wote kwenye Biblia ni mke wa Uria, mume yuko vitani kwenye mji wa Raba na mfalme Daudi aliyebaki nyumbani ndo akamtuma mtu amlete. Nabii Nathani hakwenda kumsema yule mama, alikwenda kwa Daudi. Sisi tunawahubiria hawa wanawake wajitunze, wavae vizuri, wasitoke usiku, na yule mzee anayempigia simu usiku "kumfariji" hatumgusi. Mguseni. Halafu tumeni kina mama wawili wawili nyumbani kwa huyo mke wa askari mchana, na kilo za unga na dagaa, wakae, wasimuulize habari za Kongo mpaka yeye aanze.