Gramu kwanza, shilingi baadaye: dhana potofu za kuandika dhahabu ya nyumbani

Siku chache baada ya arobaini ya mama tulikaa sebuleni, Magomeni hapa Mtwara, tukafungua kitambaa alichokuwa akifungia dhahabu yake. Mjomba alishika daftari. Mama alikuwa mtu wa hesabu: kila malipo ya korosho yakiingia alinunua kitu kidogo, kisha akaandika. "Bangili mbili, 1,900,000." "Mkufu, 850,000." Mistari mingine haikuwa na mwaka. Uzito haukuandikwa popote.

"Haya mwanangu, wewe ndiye msomi wa mahesabu. Hii yote sasa hivi ni shilingi ngapi?" mjomba akaniuliza.

Sikuwa na jibu, na shangazi aliyekaa kwenye mkeka naye alikuwa na hesabu yake kichwani iliyozidi ya mjomba kwa mbali. Siku ile ilikuwa nusura ndugu wakosane kwa sababu ya safu moja iliyokosekana kwenye daftari. Tangu hapo dhahabu ya nyumbani naiandika kwenye GnuCash, programu ya hesabu ya bure isiyohitaji intaneti kila siku, na kina mama wa kikoba chetu nawasaidia kuandika ya kwao. Makosa ninayokutana nayo ni yaleyale.

"Nilinunua kwa milioni moja na laki tisa, basi ndiyo thamani yake"

Hili ndilo kosa la mama, na ndilo kosa mama la mengine yote. Mtu anafungua akaunti anaiita "Dhahabu", anaingiza shilingi alizolipa, anafunga kompyuta. Baada ya miaka mitano programu bado inamwambia ana 1,900,000. Programu haina kosa. Imeambiwa pale ndani kuna shilingi, na shilingi haibadiliki ikawa shilingi nyingine.

Dhahabu iandikwe kama unavyoandika magunia ya korosho ghalani: kwanza uzito, halafu bei. Kwenye GnuCash unaongeza bidhaa mpya, kwa njia ileile ambayo mwingine angeongeza hisa za kampuni. Iite "gramu safi". Kisha unafungua akaunti ya aina ya hisa inayohesabu bidhaa hiyo. Ndani ya akaunti kinakaa kiasi, mfano gramu 22.55, na bei ya gramu moja inakaa kwenye orodha ya bei, peke yake. Ukibadilisha bei hapo, thamani ya kila kitu inabadilika bila kugusa kumbukumbu ya ulichonunua na ulicholipa.

Angalizo dogo: unapoiunda bidhaa, programu itakuuliza sehemu ndogo kabisa inayoruhusiwa. Chagua angalau 1/100. Mimi huchagua 1/1000. Ukiacha namba nzima tu, hereni ya gramu 2.45 haitaandikika sawasawa.

"Gramu ni gramu"

Mizani ya sonara haijui karati. Inasema uzito tu. Tulipopeleka mali ya mama kupimwa, matokeo yalikuwa hivi: bangili mbili zenye muhuri wa 916, gramu 24.6. Mkufu wenye 750, gramu 12.4. Hereni jozi moja, 875, gramu 5.6. Pauni moja ya Kiingereza, yaani sarafu ya dhahabu, iliyotiwa kishikio, ambayo bila kishikio chake ina gramu 7.99. Kipande bapa cha gramu 5 kilichofungwa kwenye plastiki, na vipande vitatu vya gramu 1. Jumla ya mizani ni gramu 58.59, na mjomba alikuwa tayari kuizidisha kwa bei aliyoisikia.

Lakini 916 ni karati 22, maana yake sehemu 22 kati ya 24 ndizo dhahabu na zilizobaki ni shaba, fedha au madini mengine. 875 ni karati 21. 750 ni karati 18. Unachukua uzito, unazidisha kwa karati, unagawa kwa 24. Bangili zikawa gramu safi 22.55, mkufu 9.3, hereni 4.9. Pauni nayo ni karati 22, kwa hiyo dhahabu yake halisi ni gramu 7.32. Vile vipande vya plastiki ni 999.9, yaani karibu vyote ni dhahabu safi, unaviandika kama vilivyo. Jumla mpya: gramu 52.07. Gramu sita na nusu zilizokuwa zinagombaniwa pale mkekani hazikuwa dhahabu kabisa.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi huku kwetu pwani, hesabu hii ina uzito wake wa ibada. Nisabu ya zaka ya dhahabu, yaani kiwango ambacho chini yake hutoi zaka, inahesabiwa na wengi kuwa gramu 85 za dhahabu safi. Wengine hushika 87.48, ambazo ni tola saba na nusu (tola ni kipimo cha Kihindi, nitakieleza chini). Mama mmoja wa kikoba alikuja na wasiwasi, ana gramu 90 na hajawahi kutoa. Zote zilikuwa karati 18. Ukizisafisha kwa hesabu ni gramu 67.5, hazijafika. Kwa dhahabu ya karati 22 unahitaji karibu gramu 92.7 za mizani ndipo ufike 85. Isitoshe, kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi hapa, mapambo yanayovaliwa kwa njia ya halali hayatolewi zaka, ilhali Hanafi wanasema yanatolewa. Kwa hiyo mimi hutenganisha akaunti mbili, "ya kuvaa" na "ya akiba", na kila ununuzi unabaki na tarehe yake, kwa kuwa mwaka unaohesabiwa ni wa Hijria, siku 354 hivi. Asilimia mbili na nusu ya zaka unaitoa kwa kujua, si kwa kukisia.

"Aunsi ni gramu 28"

Aunsi ya unga na sukari ni gramu 28.35. Aunsi ya dhahabu, inayoitwa aunsi ya troi, ni gramu 31.1035. Bei ya dunia inatangazwa kwa dola kwa aunsi hiyo ya pili. Ile ya London hutoka mara mbili kila siku ya kazi, saa nne na nusu asubuhi na saa tisa alasiri kwa saa za huko. Ukiigawa kwa 28.35 bei ya gramu yako inakuwa kubwa kuliko ya kweli kwa karibu asilimia 10. Sonara atakapokutajia bei yake utamwona mwizi, kumbe kosa ni lako.

Upo mtego mwingine wa jamii hii. Programu nyingi zina dhahabu tayari kwenye orodha ya sarafu, kwa alama XAU. Kijana mmoja wa hapa Chuno aliichagua, akaingiza 40 akiwa na maana ya gramu. XAU moja ni aunsi nzima ya troi. Akajiona tajiri mara 31, akaja mbio kunionyesha simu. Ilibidi nimweleze taratibu, maana alikuwa amekwishaanza kupanga kiwanja.

Na tola? Bado ipo kwa masonara wenye asili ya Kihindi na kwenye mizigo ya Dubai. Tola moja ni gramu 11.66, na kipande cha tola 10 ni gramu 116.64. Igeuze kuwa gramu siku uliyonunua, uandike tola kwenye maelezo ya muamala.

"Kila ukubwa ni mali tofauti, kwa hiyo ufungue bidhaa kwa kila kipande"

Hapa watu wenye akili zao hutofautiana, nami nitasema upande wangu. Wanaotenganisha wana hoja. Vipande vidogo huuzwa ghali zaidi kwa kila gramu, kwa sababu gharama ya kutengeneza na kufunga kipande cha gramu 1 haipishani sana na ya kipande cha gramu 10. Tuchukue bei ya mfano: gramu safi ni 300,000. Kipande cha gramu 1 unaweza kukipata kwa 345,000, na cha gramu 10 kwa 3,100,000. Vipande kumi vidogo vimekugharimu 3,450,000 kwa dhahabu ileile.

Lakini angalia kinachotokea siku ya kuuza. Wanunuzi wengi wa huku kwetu wanapima, wanatazama muhuri, wanalipa kwa gramu. Ile 450,000 uliyolipa juu ya 3,000,000 za dhahabu yenyewe hairudi yote, na mara nyingine hairudi hata kidogo. Ukifungua bidhaa sita, unalazimika kutafuta bei sita kila unapotaka kujua ulichonacho. Nimewaona watu wakifanya hivyo kwa miezi miwili, wa tatu wakaacha, na daftari likarudi kuwa la mama.

Kwa hiyo: bidhaa moja, "gramu safi", na chini ya akaunti kuu ya dhahabu unafungua akaunti ndogo kwa kila kitu. Bangili. Mkufu. Vipande vya gramu 1. Kipande cha gramu 5. Bei moja inahudumia zote, na bado unaona kila kitu kiko wapi na kilikugharimu ngapi. Pauni ndiyo naiachia mlango. Ikiwa ni ya mwaka unaotafutwa na wakusanya sarafu, na una mnunuzi wa namna hiyo, ipe bidhaa yake na bei yake, kwa sababu haitauzwa kwa gramu.

"Mkufu wa milioni tatu na laki nne ni akiba ya milioni tatu na laki nne"

Kwa bei yetu ileile ya mfano, mkufu wa karati 18 wenye gramu 12.4 una dhahabu ya 2,790,000. Ukiulipia 3,400,000, zile 610,000 ni ujira wa sonara na faida ya duka. Hazikukaa shingoni mwako. Muamala uandikwe hivi: zimetoka 3,400,000 benki au kwenye simu, 2,790,000 zimeingia akaunti ya mkufu kama gramu 9.3; 610,000 zimekwenda matumizi, jina lake "ufundi". Wengi huumia wakiona mstari huo. Mimi nauona ni mstari wa heshima, kwani fundi alifanya kazi na kazi ililipwa. Kinachoumiza ni kugundua siku ya shida, mtoto yuko hospitali na sonara ameshika kikokotoo.

Mkufu wenye mawe, muulize sonara uzito bila mawe, akuandikie hapo hapo kwenye risiti. Mawe hayaingii kwenye gramu safi.

"Programu itavuta bei, na ikipanda nimepata faida"

Bidhaa uliyoiunda mwenyewe haina mahali pa kuvutia bei. Unaiweka kwa mkono. Mara moja kwa mwezi inatosha. Bei kwa shilingi inasukumwa na vitu viwili, bei ya dunia kwa dola na thamani ya dola kwa shilingi, hivyo inaweza kupanda hata dunia ikiwa imetulia. Na kupanda huko ni thamani kwenye karatasi. Faida inaandikwa siku dhahabu imetoka mkononi na fedha zimeingia.

"Dhahabu ya machimbo ni rahisi, ninunue niiandike"

Ruangwa si mbali, na hapakosi mtu wa kukwambia ana gramu za kukuuzia. Dhahabu ghafi haina muhuri, usafi wake hujaujua, na biashara ya madini ghafi inataka leseni chini ya Sheria ya Madini ya 2010. Isiingie kwenye orodha yako wala kwenye kabati lako.

"Ukiandika unawaita wezi"

Hofu hii naiheshimu. Faili la GnuCash halina nenosiri la ndani, yeyote anayeshika kompyuta analifungua. Liweke kwenye folda au flashi iliyofungwa kwa nenosiri, na nakala ya pili kwa mtu mmoja unayemwamini. Usiandike kamwe mahali dhahabu ilipo. Uzito, karati, tarehe, bei, picha ya muhuri na risiti: hivyo vinatosha kwa mrithi, na havimsaidii mwizi kuikuta.

Ma'mdogo, aliyepata hereni za mama kwenye mgawo, huja kwangu kila msimu ukiisha. Mara ya mwisho alikuja ameshika moja tu. Ya pili ilimdondoka shambani Nanguruwe wakati wa kuokota korosho, akaitafuta siku mbili chini ya majani. Tulipima iliyobaki, gramu 2.8. Kisha tukafungua akaunti ya hereni, tukatoa gramu safi 2.45, tukaziandika upande wa hasara na tarehe ya siku ile. Akaniomba niongeze kwenye maelezo jina la mkorosho aliokuwa chini yake, nami nikaongeza.