Kuongeza moto hakuiinui meli

Meli ya makontena si boti ya faiba. Ikikwama mtoni, utasikia ushauri uleule: nahodha angeongeza moto, yaani kasi, ingeinuka ikapita. Hata CSCL Indian Ocean, mita 400, iliyokwama mto Elbe Februari 2016 ikielekea Hamburg, huletwa kama ushahidi. Ile ilipatwa na hitilafu ya usukani, jamani. Kina hakikuwa chanzo.

Boti huteleza juu ya maji. Meli huyapasua, nayo lazima yarudi tezi, yaani nyuma, kwa kupenya chini ya mkuku, uti wa chini wa meli. Yakibanwa hukimbia, shinikizo hushuka, meli inadidimia. Kanuni ya Barrass, mtafiti wa meli, ya kukisia mdidimio kwenye maji ya kina kifupi yasiyobanwa na kingo: mwendo kwa noti (maili za baharini kwa saa) mara wenyewe, mara mgawo wa umbo, yaani sehemu ya sanduku la urefu, upana na drafti ambayo meli inaijaza (kwa makontena weka 0.65), gawa kwa 100, upate mita. Noti 12 ni sentimita 94. Noti 6 ni 23 tu. Kwenye mfereji mwembamba gawa kwa 50.

Sasa linaloniudhi zaidi: noti gani? Watu wanasoma GPS. GPS inapima mwendo juu ya ardhi, na meli haididimii kwa ajili ya ardhi. Ukipanda na maji yanayojaa kwa noti 3, GPS ikisema 13, hesabu yako ni 10: sentimita 65. Ukishuka dhidi ya mkondo huohuo, GPS inasema 9 na wewe unajiona mpole, kumbe unapasua maji kwa 12. Sentimita 94 zimekwenda, huku skrini ikikupongeza.

Ongeza mlalo: meli ya upana wa mita 59 ikilala digrii moja, ubavu unashuka nusu mita. Maji baridi ya mtoni, yasiyo na chumvi, nayo yanakula karibu sentimita 30 kwenye drafti (kina cha meli kilichomo majini) ya mita 14.

Vitabu husema meli yenye mgawo wa umbo chini ya 0.7 hudidimia zaidi tezi. Mimi siapi: meli iliyopakiwa ikiinamia omo, yaani mbele, huweza kuendelea kuinamia omo. Tena chini ni wapi, penye tope laini kama uji? Mwangwi wa kipima-kina wa masafa ya juu hurudi kutoka juu ya tope, wa masafa ya chini hupenya.

Ukiona mizunguko ya injini ni ileile lakini mwendo unashuka, na meli inatetemeka, punguza. Punguza taratibu: ukikata ghafla, wimbi lako mwenyewe linakufikia tezini, na usukani hausikii.