Chura wa Kihansi: yanayosemwa na yaliyotokea

"Chura ni chura, wamejaa kila dimbwi."

Huyu hakai dimbwini. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, kusini mwa milima ya Udzungwa nchini Tanzania, na hajapata kuonekana akiishi porini kwingine kokote duniani. Makazi yake yote yalikuwa hekta mbili hivi, karibu viwanja vitatu vya mpira, kando ya maporomoko ambako manyunyu hayakukatika usiku wala mchana. Ni wa manjano, na jike hata akikua sana hafikishi sentimita tatu. Tena hatagi mayai. Huzaa watoto waliokwisha kukamilika, miguu yote minne, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi majini. Kitoto kina milimita tano hivi. Ukikiweka kwenye ukucha wa kidole gumba, nafasi inabaki.

"Ilibidi kuchagua: umeme au chura."

Kituo cha megawati 180 cha kuzalisha umeme kwa maji ya Kihansi kilipoanza kazi, karibu asilimia 90 ya maji ya mto yalielekezwa kwenye mitambo. Manyunyu yakapotea, uoto ukaanza kukauka. Hata hivyo mitambo haikuzimwa. Maji kidogo yaliachwa yapite, na korongoni yakatandazwa mabomba yenye vinyunyizio yanayoendeshwa na mteremko wenyewe. Kufikia Juni 2003 vyura walikadiriwa kufika 20,000 hivi, na umeme unazalishwa. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa kazi: utafiti wa kina wa viumbe ulifanyika ujenzi ukiwa umeshaanza.

"Walikufa kwa kukosa maji, basi."

Ingekuwa hivyo, wasingeongezeka kwanza. Miezi michache baada ya hesabu ile waliporomoka ghafla, na Januari 2004 walioonekana walikuwa watatu tu. Mizoga ilipopimwa ilikutwa na kuvu aina ya kitridi, anayeshambulia ngozi na ambaye ameangamiza vyura katika mabara mengi. Wapo pia wataalamu wanaotaja tope lenye mabaki ya dawa za mashambani, lililosukumwa bondeni lango la bwawa lilipofunguliwa. Makazi yaliyokwisha kudhoofishwa huuawa na mambo mengi kwa pamoja.

"Wamarekani walituibia vyura wetu."

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Bronx Zoo, bustani ya wanyama ya New York, kwa makubaliano na serikali ya Tanzania. Huko nako nusura waishe: minyoo ya mapafu na lishe duni viliwapukutisha hadi wakabaki chini ya 70 mwishoni mwa 2004. Bronx na bustani ya wanyama ya Toledo, Ohio, ndizo zilizofanikiwa kuwazalisha tena. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linaloorodhesha viumbe walio hatarini, ilipotangaza mwaka 2009 kwamba wametoweka porini, hao "walioibwa" ndio pekee waliokuwa hai.

"Si wamesharudishwa? Kazi imekwisha."

Vyura 100 walifika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wapatao 2,000 wakaachiwa korongoni. IUCN haikuharakisha kubadili hadhi yao, na kwa haki kabisa: kuachiwa ni jambo moja, kuzaliana na kudumu bila msaada ni jingine. Kuvu ni vigumu kumwondoa porini. Vinyunyizio navyo ni mabomba kama mabomba mengine. Huziba, huvunjika, hutaka fundi, na fundi hutaka mshahara hata mwaka ambao mfadhili hayupo.