Je, muuaji wa halaiki anastahili adhabu ya kifo?

Kila watu wengi wanapouawa kwa mkupuo, swali hurudi: kwa nini huyu naye asinyongwe? Ni swali la haki, na sisi wanasheria mara nyingi hulijibu vibaya. Hukimbilia hoja tuliyoizoea, kwamba mahakama hukosea na aliyekwisha kunyongwa harudishwi. Katika kesi ya kawaida ya mauaji hakuna hoja nzito kuliko hiyo. Lakini Anders Behring Breivik, aliyeua watu 77 nchini Norwei tarehe 22 Julai 2011, alikiri matendo yake yote. Alichokataa ni kuitwa mhalifu. Kwake yeye, hofu ya kumuua asiyehusika haina pa kushika.

Hoja ya upande wa pili, kwamba kifo hutisha, nayo hulegea hapo hapo. Wauaji wengi wa aina hii huenda wakiwa wameshaamua kufia pale pale, ama kwa mkono wao ama kwa risasi za polisi. Timothy McVeigh, aliyelipua jengo la serikali Oklahoma City Aprili 1995 na kuua watu 168, aliachana mwenyewe na rufaa zake, akauawa kwa sindano ya sumu Juni 2001. Mtu wa namna hiyo utamtishia nini?

Linabaki suala la kustahili, na hapo sibishani na wafiwa hata kidogo. Kama yupo anayestahili kufa kwa aliyoyatenda, ni huyu. Tatizo ni kwamba bunge halitungi sheria ya mtu mmoja.

Tazama yaliyotokea Florida. Nikolas Cruz aliua watu 17 katika shule moja huko Parkland, Februari 2018. Alikiri kosa, hivyo jopo la wananchi 12 likabaki na kazi moja tu, kupendekeza adhabu. Mwaka 2022 tisa walitaka auawe, watatu wakakataa, na kwa kuwa sheria ya wakati huo ilidai wote wakubaliane, akapewa kifungo cha maisha. Wazazi wengi wa waliouawa walikasirika, na sioni ajabu. Mwaka uliofuata jimbo likabadili sheria: sasa wanane kati ya 12 wanatosha. Cruz mwenyewe haikumgusa, maana kesi yake ilikuwa imekwisha. Inamgusa kila anayekuja baada yake, akiwamo anayeshtakiwa kwa kifo cha mtu mmoja kwa ushahidi wa shahidi aliyeona gizani. Na Florida ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa idadi ya watu waliohukumiwa kifo kisha wakaondolewa hatia.

Rwanda ilikumbana na swali hili kwa kipimo ambacho wengi wetu hatuwezi hata kukiwaza. Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipounda mahakama ya mauaji ya kimbari, iliyokuja kuwekwa Arusha, Rwanda ilipiga kura ya kupinga. Sababu mojawapo ni kwamba adhabu ya juu ya mahakama hiyo ilikuwa kifungo cha maisha. Wakati huo sheria ya Rwanda yenyewe iliruhusu kifo, na Aprili 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani, mwanasiasa Froduald Karamira akiwa mmoja wao. Septemba mwaka huo huo Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali iliyosimamia mauaji, alihukumiwa Arusha kifungo cha maisha. Aliyekaa juu kabisa akabaki hai, waliokuwa chini yake wakazikwa.

Mwaka 2007 Rwanda ikaifuta adhabu hiyo. Isidhaniwe kwamba uchungu ulikuwa umepoa. Arusha na nchi kadhaa za Ulaya hazikuwa tayari kukabidhi watuhumiwa mahali ambapo wangeweza kuuawa, na serikali ilitaka wahukumiwe nyumbani, mbele ya walionusurika. Mtuhumiwa wa kwanza kutoka Arusha, mchungaji Jean Uwinkindi, alifikishwa Kigali mwaka 2012. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa watu waliopima wanachokihitaji zaidi: kumwona mshtakiwa kizimbani, au kumwona akifa.

Nisahihishe jambo moja linalosambazwa sana, kwamba Norwei ilimpa Breivik miaka 21 “tu”. Hukumu yake si kifungo cha kawaida. Ni kizuizi cha kulinda jamii: miaka 21 ikiisha, mahakama inaweza kukiongeza miaka mitano, kisha mitano mingine, bila kikomo, kila inapoona bado ni hatari. Aliomba kuachiwa, na mwaka 2022 majaji wakamkatalia. Kwa utaratibu huo anaweza kuzeekea na kufia gerezani.