Mtutu mrefu haukupi shabaha

Watu wengi wakitafuta bunduki ya semi-otomatiki (inayojipakia yenyewe, ila inatoa risasi moja kila ukivuta triga) na hela yenyewe ni ya mawazo, wanakimbilia yenye mtutu mrefu, eti ndo ina shabaha zaidi. Hapana jamani, urefu unaongeza spidi ya risasi basi, maana gesi ya baruti inapata muda zaidi wa kuisukuma. Bunduki ya kijeshi ya Marekani, M16, ina mtutu wa inchi 20, M4 ambayo ni toleo lake fupi ina inchi 14.5, na risasi ileile ikitoka kwenye M16 inaenda kasi zaidi, kwa hiyo ukipiga mbali haishuki sana na upepo hauisumbui sana, ila kule kugonga palepale kila ukifyatua ni kazi ya mtutu uliochongwa vizuri na risasi inayoendana nao. Tena mtutu mfupi wenye unene uleule unatikisika kidogo kuliko mrefu.

Nadhani imani hii ni ya enzi za vilengeo vya chuma, maana cha mbele kikiwa mbali na cha nyuma jicho linakosea kidogo, ukishafunga darubini hiyo faida imeisha. Mimi hela ningeiweka kwenye mtutu wenyewe na triga laini, kitako cha mbwembwe kingesubiri, inayobaki ninunulie risasi za mazoezi.