Kuhamisha krediti maana yake nini, na kwa nini uanzie chuoni kabla hujalipia kozi

Mwanzoni mwa mwaka dogo mmoja wa hapa mtaani kwetu Tabata alikuja na simu mkononi, anachekelea, ananiambia bro mimi nina krediti kumi na nane tayari, nimezipata ndani ya miezi miwili tena nikiwa kitandani. Nikamuuliza za chuo gani? Akasema chuo bado, chuo nitatafuta. Nikavuta kiti nikakaa, maana hapo kuna jambo watu wengi wanaliingia kichwa kichwa, wanasikia "soma kozi za bei poa onlaini halafu zihamishie kwenye digrii" wanaona kama wamepata njia ya panya, na kweli njia ipo, haina uongo, ila ina mlango na mlango una mwenyewe.

Tuanze na krediti yenyewe, yaani kipimo cha kazi ya masomo uliyofanya. Marekani, ambako huu mchezo ndiko ulikozaliwa, digrii ya kwanza ya kawaida ni krediti 120, na kozi nyingi zina krediti 3, kwa hiyo piga hesabu ni kama kozi 40 hivi. Krediti moja kwao ni kama saa moja ya darasani na saa mbili za kujisomea kila wiki kwa wiki 15, jumla saa 45. Huku kwetu TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, wanahesabu tofauti, krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, na digrii ya miaka mitatu ni krediti 360. Ndiyo maana mtu aliyesoma hapa akisikia digrii ya krediti 120 anacheka anadhani ni theluthi ya digrii yake, wakati ukizidisha 120 mara 45 unapata saa 5,400 na 360 mara 10 unapata 3,600, maana wenzetu wanasoma miaka minne. Namba zinafanana jina tu, usizilinganishe hivi hivi.

Na kahistoria kadogo ambako mimi hunifurahisha, hii tabia ya kupima elimu kwa masaa ilipata nguvu kuanzia mwaka 1906 na taasisi ya Carnegie, ambayo ilikuwa inatoa pensheni kwa maprofesa, ikawaambia vyuo mkitaka maprofesa wenu wapate hela ya uzeeni basi mtumie kipimo chetu cha masaa kwa wanafunzi wanaotoka sekondari. Vyuo vikakubali fasta. Pensheni hiyo.

Sasa kuhamisha krediti ni pale chuo ambacho kitakupa digrii kinapokubali kwamba kazi uliyoifanya sehemu nyingine ihesabike kwake, usirudie. Basi. Hiyo sehemu nyingine inaweza kuwa chuo kingine, inaweza kuwa mtihani kama CLEP, ule wa Marekani wa kupata krediti bila kukaa darasani, ambao upo tangu 1967, na miaka hii inaweza kuwa tovuti ya kozi kama Sophia, Study.com, StraighterLine au Saylor. Hizi tovuti siyo vyuo na hazitoi digrii. Wewe unasoma mwenyewe, unafanya majaribio, ukipita unaendelea, hakuna kumsubiri mhadhiri wala kusubiri semista iishe. Sophia kwa mfano wamekuwa wakitoza kama dola 99 kwa mwezi, unafungua kozi mbili kwa mpigo, ukimaliza moja unafungua nyingine, hivyo mwenye kasi analipa kidogo na mvivu analipa sana. Linganisha na chuo cha Marekani kama SNHU (Southern New Hampshire University) ambako krediti moja tu onlaini ni zaidi ya dola 300, yaani kozi moja karibu dola elfu moja. Kwa hela yetu unaongelea laki mbili na nusu kwa mwezi mzima wa kozi unazoweza kumaliza, dhidi ya milioni mbili na nusu kwa kozi moja. Hapo huhitaji kushawishiwa.

Swali sasa, chuo kinaaminije kozi ya tovuti? Hapa ndipo wanapoingia ACE, baraza la elimu la Marekani lililoanzishwa 1918. Hawa walizoea kazi hii tangu miaka ya 1940, maana askari walikuwa wanarudi kutoka vitani wakiwa wamefundishwa redio, mitambo, ramani, halafu wakifika chuoni wanaambiwa anzeni moja, ikabidi awepo mtu wa kukaa kuangalia mafunzo ya jeshi na kusema hii inalingana na krediti tatu za chuo, hii mbili, hii hamna kitu. Baadaye wakapanua mpaka mafunzo ya makampuni na sasa hizi kozi za onlaini. Kuna na wengine wanaitwa NCCRS, kazi ni ile ile. Wataalamu wanaipitia kozi wanatoa pendekezo.

Pendekezo. Hilo neno lishike. ACE hawakiamrishi chuo chochote, wanapendekeza tu, na chuo kinaweza kusema asante lakini hapana. Ni kama ukienda Kariakoo kununua spea, muuza duka anaangalia gari lako kwenye picha anakwambia hii inaingia kaka, chukua, na hakudanganyi, pengine kweli inaingia magari mengi ya aina hiyo, ila anayeifunga ni fundi wako na fundi ndiye anajua kwamba gari lako lilishabadilishwa injini. Mwenye akili anamuuliza fundi kwanza, tena anaandikiwa namba ya spea kwenye karatasi ndiyo anapanda daladala kwenda mjini.

Dogo wetu alikuwa amefanya kinyume. Nikamwambia haya, tafuta chuo, omba, tuma hizo kozi tuone. Baada ya wiki kama tatu ikaja imeili yenye tathmini, akaniletea tukaifungua kwenye kompyuta yangu. Juu kabisa imeandikwa krediti 15 kati ya 18 zimekubaliwa. Akaruka. Nikamwambia kaa chini tusome mistari ya chini.

Mstari wa kwanza Uandishi wa Kiingereza, krediti 3, imekaa pale pale panapotakiwa kozi ya uandishi, safi. Saikolojia safi. Sosholojia safi. Halafu Historia ya Sanaa na Mawasiliano zimetupwa kwenye opsheni, yaani zile kozi za kujichagulia, na digrii yake, ambayo ni ya biashara, ina nafasi ya opsheni moja tu iliyobaki. Kwa hiyo moja inaingia, ya pili inaning'inia, ipo kwenye transkripti, ile karatasi ya matokeo, lakini haimpunguzii hata siku moja ya kusoma. Ya sita, Takwimu, imekataliwa, wameandika programu inataka takwimu za biashara na silabasi hailingani. Kwa hiyo zilizokubaliwa 15, zilizomfaa 12. Kukubaliwa na kutumika ni vitu viwili, na hapa ndipo watu wengi wanaliwa, maana tangazo linasema "tunakubali krediti nyingi" na kweli wanakubali, wanaziweka stoo.

Kingine, hata ukiwa na krediti mia na hamsini, chuo lazima ukae kwake kidogo. Wengi wanataka angalau robo ya digrii uisomee kwao, krediti 30 kati ya 120, ndiyo maana utaona SNHU wanasema wanapokea mpaka 90. Na zile za mwisho, kozi za mwaka wa tatu na wa nne, ngumu kuzipata kwenye tovuti za bei poa, nyingi zinazouzwa ni za mwaka wa kwanza na wa pili. Kwa hiyo ule usemi wa "digrii yote kwa dola mia tano" mimi siununui. Unapunguza, tena unapunguza sana, ila huimalizi.

GPA, yaani wastani wa alama zako, je? Mara nyingi krediti za kuhamia zinaingia kama "amepita" bila alama, hazipandishi wala hazishushi GPA. Kwa wale wenzangu tuliozoea mambo ya sapu (kurudia mtihani) na kudisko (kuondolewa chuo) hii ni raha, kozi iliyokushinda kule onlaini hata haitumwi. Ubaya wake ni kwamba GPA yako itabebwa na kozi chache utakazosoma chuoni kwenyewe, ukichemka mbili tu unaonekana kilaza.

Halafu cheti siyo krediti. Mtu ana vyeti kumi na viwili vya Udemy kavipeleka steshenari vikachapwa na kupigwa lamineti, vizuri, ila hakuna krediti humo. Hata Coursera nyingi hazina, ingawa baadhi kama ile ya Google ya IT Support zimewahi kupata pendekezo la ACE. Angalia kozi kwa kozi, usiangalie jina la tovuti. Na transkripti inatumwa na tovuti yenyewe moja kwa moja kwa chuo, ile pidiefu unayodaunilodi wewe chuo hakiitambui.

Hapo hapo kwenye transkripti kuna kitu kinatusumbua sisi sana, majina. Cheti cha fomu foo kina majina matatu, pasipoti pengine mawili, akaunti ya kozi umefungua na jina la Instagramu. Chuo kikipokea karatasi tatu za watu watatu kinasimamisha kila kitu, unaanza kukimbizana na wakili akupe afidaviti. Fungua akaunti kwa majina yaliyo kwenye cheti chako cha NECTA, baraza la mitihani, tangu siku ya kwanza, utanishukuru.

Kuna pia wanaomsikia shangazi aliyeko Texas akisifia WGU (Western Governors University), chuo kingine cha onlaini cha Marekani, ni kweli inapokea krediti nyingi na ina bei nzuri, ila wao wanachukua wanaoishi Marekani. Ukiwa Dar angalia vinavyochukua dunia nzima, kama University of the People iliyoanzishwa 2009, ambayo nayo inapokea krediti za kuhamia.

Na kwa wanaolenga ajira ya serikali au masters hapa nyumbani, digrii ya nje itapita TCU kutambuliwa. Waulize kabla hujalipa hata senti, uwatajie jina la chuo, uwaambie kabisa itakuwa ya onlaini na sehemu yake imetokana na krediti za kuhamia. Vyuo vyetu pia vina utaratibu wa kuhamisha krediti, ila ni wa kutoka chuo kinachotambulika kwenda kingine, usibebe kozi za Sophia ukapanda nazo Chuo Kikuu cha Dar, Mlimani, ukitegemea watazipokea.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: chuo kwanza, halafu programu yenyewe, halafu uwaandikie imeili uwaulize kozi fulani ya tovuti fulani inakaa kwenye nafasi ipi ya digrii yangu, wakikujibu kwa maandishi itunze hiyo imeili, ndiyo unalipia. Dogo sasa ndivyo anavyofanya, kozi ya saba kaiulizia kwanza. Ila ile ya Takwimu hajakubali yaishe, kawatumia silabasi nzima kurasa kumi na moja wamuangalizie tena, wamemwambia asubiri wiki mbili, na mpaka leo ni wiki ya tano.